Gitaa la Baba Lililokuwa Chini Kidogo

Mimi hufundisha muziki Maseno, na kila mwaka somo la gitaa la umeme nalianza kwa maneno yale yale: lilitengenezwa kwa sababu gitaa la mbao halikusikika. Huko Marekani bendi zilijaa tarumbeta na ngoma, mpiga gitaa akawa kama mtu anayenong'ona sokoni. Wakaweka sumaku chini ya nyuzi, waya ukapeleka mtikisiko hadi kwenye spika, mambo yakaisha. Kisha nawaambia ya kwetu. Vijana wa huku ziwani walianza na magitaa ya mbao yenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, na walipopata ya umeme hawakuiga Wamarekani wala Wakongo. Walitumia vidole vya nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, wakadonoa uzi mmoja mmoja mbio mbio. Ndiyo benga hiyo. Wanafunzi huandika. Baba yangu alikuwa mmoja wa vijana hao, na sijawahi kuwaambia.

Niliona aibu, ndiyo sababu. Sauti ya gitaa lake ilikuwa chini. Si kwa noti nzima wala nusu, chini kidogo tu, mahali ambapo hakuna kinanda kinachokaa. Kila nikimtembelea kwake mtaani Manyatta nilimwambia, naye alijibu liko sawa, kisha akauliza kama nimekula.

Mwimbaji wa bendi yao alikuwa mzee wa Pap Onditi, rafiki yake tangu kabla sijazaliwa. Bendi ilishavunjika, lakini kila Jumapili baada ya kanisa Baba alimpigia simu. Yule mzee aliimba mstari mmoja, Baba akadonoa, wakacheka, basi. Nilidhani ni porojo za wazee.

Mwaka jana mwimbaji akafariki. Baba hakulia. Alisema atapiga kando ya jeneza ule wimbo waliokuwa wakifungulia dansi, na hapo ndipo ataagana naye. Wiki nzima alizoeza vidole vyake vyenye baridi yabisi juu ya meza ya chakula. Gitaa lenyewe lilibaki kwenye sanduku lake. Lisiguswe, alisema.

Mimi nikaligusa. Ijumaa, alipokwenda kwa kinyozi, nilifungua sanduku nikaona nyuzi zimeshika kutu. Jamani, kiherehere changu! Nilizikata zote nikazitupa, nikaweka mpya za kutoka mjini, nikazikaza kwa programu ya simu hadi mshale ukasimama katikati kwa kila uzi. Nikajiona binti mwema kweli.

Jumamosi asubuhi, Pap Onditi, watu walijaa chini ya mahema. Jenereta likawashwa. Baba akasimama kando ya jeneza, akadonoa uzi wa kwanza, akaacha. Akadonoa tena. Akaziangalia nyuzi, halafu akaniangalia mimi.

"Nani ameshika hii gitaa?"

"Ni mimi, Baba. Ilikuwa chini, nikairekebisha."

"Haikuwa chini, nyathina. Hiyo ilikuwa sauti yake."

Nyathina, mwanangu. Afadhali angenifokea. Hapo ndipo nilipozielewa zile simu. Bendi yao haikuwa na kifaa cha kupimia, gitaa lilifuata koo la mwimbaji. Koo lilipozeeka likashuka, na nyuzi zikashuka nalo, Jumapili baada ya Jumapili. Mstari wa mwisho yule mzee aliuimba akiwa kwenye kitanda cha hospitali, na Baba akalifunga sanduku vile vile lilivyokuwa. Sahani zao za santuri za zamani zina sauti ya kijana. Ya mzee ilikuwa imebaki kwenye zile nyuzi za kutu, na mimi nilizitupa pamoja na maganda ya viazi.

Alijaribu kuzilegeza pale pale, sikio limeinama, mjane na watu wote wakisubiri. Hakuipata ile sauti. Mwishowe alipiga vivyo hivyo, na alipiga vizuri. Kina mama waliinuka wakacheza, na mzee mmoja akasimamisha muziki ili ajisifu na kumsifu marehemu, kama desturi. Hakuna aliyejua kitu. Nililia kwa sauti, wakadhani namlilia marehemu, mtu akaniletea maji.

Siku hizi mimi ndiye ninayekwenda Manyatta kila Jumapili. Baada ya kanisa Baba hulitoa gitaa, hulegeza uzi wa kwanza kidogo kidogo, kisha huinua macho.

"Ni hapa?"

Nimeisikia sauti ya yule mzee tangu nikibebwa mgongoni. Nina shahada mbili za muziki. Humwambia ukweli, kwamba sijui, naye huukaza uzi tena akaanza upya.