Msumeno wa Nguzo za Bibi

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini, nikaomba msumeno wa kukatia nguzo nene. Kijana wa dukani akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniletea kimsumeno cha mbao za dari, kisha akasema, "Mama, si umwite fundi aje achague mwenyewe?" Nikamwambia fundi ndiye mimi. Nina stashahada ya ujenzi, nimesimamia majengo katika mikoa mitatu, na nyumba yangu sikujengewa na mtu. Lakini kuchagua msumeno, rafiki yangu, nilijua kabla sijajua kuandika insha.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naishi na bibi kijijini Ukata. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima yetu na malori kutafuta kahawa. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa. Asiye na mahali pakavu aliuza siku lori lilipofika, kwa bei ya mwenye lori. Bibi, mjane, alikataa. Alisema atajenga ghala lake kabla ya mvua, na atauza atakapotaka yeye. Milingoti minene, yaani mikaratusi, ya kukatia nguzo ilikuwa imelala nyuma ya jiko, mibichi, ikinukia kama dawa ya mafua.

Jirani yetu, mpasua mbao, akaja na mwanawe na msumeno wa kupasulia, mrefu, wenye meno makubwa. Ulifika nusu ya mlingoti wa kwanza ukanasa. Akaulaumu mti, mwisho akamlaumu bibi kwa kusimama karibu. Kabla ya kuondoka alisema, "Mama, uza tu kahawa. Ghala ni kazi ya wanaume." Bibi akamshukuru kwa kuja, akarudi kuchambua maharage.

Asubuhi tukateremka karakana ya misheni. Baada ya salamu, mtunza vifaa akatutolea misumeno mitatu. Bibi akaniambia, "Wewe huwa unashinda hapa ukichungulia. Chagua."

Ule mpya wa upinde, unaong'aa, niliuacha: upinde wake ungegonga gogo kabla meno hayajafika chini. Wa kupasulia nilishaiona aibu yake jana yake; meno yake hunolewa kama patasi, yafuate urefu wa mti, si kuukata kwa mkingamo. Nikachukua wa tatu, mkongwe, wenye mpini kila upande, ambao mafundi waliutumia kukatia kuni za jiko la mapadri. Meno yake yalikuwa kama visu, moja limelala kushoto, jingine kulia, hivyo njia yake ni pana na mti mbichi hauubani. Urefu wake ulizidi mara mbili unene wa nguzo. Chuoni walinifundisha majina tu ya mambo haya.

Hakuna mwanaume aliyekubali kushika mpini wa pili na mwanamke. Nikaushika mimi. "Vuta, usisukume," bibi alinikumbusha kutwa nzima. "Zamu yangu niachie." Viganja vilitoka malengelenge, tukapumzika kwa togwa, tukaendelea. Jirani alipita akauliza kama kesho tutavaa suruali. Bibi hakuinua kichwa. "Hiyo ni nguzo ya sita, baba. Karibu uhesabu."

Mvua ilikuta bati liko juu. Lori likaja, mnunuzi akasubiri uani hadi chai ikapoa, akaondoka bila kahawa yetu. Jirani naye akaleta magunia yake, akiomba yalale kwetu. Yakalala.

Sasa bibi hayupo, na ghala wajomba walilibomoa wakagawana bati. Karakana imekuwa ukumbi wa harusi. Milimani unasikia misumeno ya mota, ambayo mtu huishika peke yake na haimhitaji mwenzake upande wa pili. Inakata haraka, sikatai. Hata mimi ninao. Ila huwa nawasikia wazee wa hapa wakisimulia jinsi walivyowajengea mama zao miaka ile ya malori. Nawaacha wamalize. Kisha nawaonyesha viganja vyangu, nawaambia: kwetu tulijenga wenyewe.