Macho ya Gaju

Karibieni hapa bandugu, na yule anayecheka kule nyuma anyamaze, juu hii haikuwa ndoto na sikuwa nimelewa. Basi, kidogo tu.

Nilikuwa na ng'ombe, Gaju, mnene mpaka ndege za uwanja wa Kamembe zilikuwa zinamuzunguka zikifikiri ni kilima. Ni yeye tulikuwa tupelekee bakwe kama mahari ili mtoto wangu aoe. Bila yeye, ndoa hakuna.

Siku moja, jua likishukia upande wa Bukavu, muntu akafika kwangu na kisanduku ya rangi na kikopo ya maji. Alisema anachoraka banyama. Nikamukaribisha, tukakunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na mrija moja. Si munajua? Muntu wa mrija moja si mgeni tena, ni ndugu.

Akaanza. Hakupiga hata mstari. Alilowesha karatasi, akaangusha tone ya rangi ya udongo, maji ikaitembeza yenyewe, mgongo wa Gaju ukatokea. Tone ingine, tumbo. Miguu akaiacha ipotelee mu weupe.

"Ndugu, na kwato? Na manyoya?"

"Papa, ukichora yote, muntu hajui aangalie wapi. Niambie kitu yake moja tu yenye inapita zote. Ile nitaichora sawasawa. Ingine maji itasema."

Na mimi na huu mdomo wangu: "Macho. Mu Rusizi yote hakuna macho kama ile."

Akachukua burashi nyembamba, akachora kope moja moja, akamalizia na katone ka mwangaza. Muniamini, karatasi ilipepesa. Nyuma yangu Gaju akalia mara moja. Nikageuka. Pale macho ilikuwa, manyoya tu, laini kama mgongo, hakuna hata kovu.

Kurudisha kichwa, ndugu yangu hayuko, karatasi haiko. Mrija ulikuwa bado na joto ya mdomo yake.

Bakwe bakaja, bakaangalia, bakarudi bila kukaa. Mtoto wangu mpaka leo anajipikia. Gaju anagonga miti. Na mimi nakunywa na mrija wangu peke yangu, na ile inauma kuliko ng'ombe.

Kwa hiyo, muntu akikuuliza uzuri wako uko wapi, umwambie hakuna.

Nilimwambia bibi yangu, mama ya mtoto, vile vile. Akaendelea kuchambua maharagwe yake. "Si ungemwambia akuchore weye, Papa. Angekosa kitu ya kubeba."