Jasho liliniwasha nusura nirudishwe kwetu: mama mkwe wangu wa Tura

Habari zenu wakuu. Na wazee wenzangu kama mmo humu, shikamooni.

Juzi kijana mmoja kauliza kwa nini akitoka jasho mwili unamuwasha mpaka anajikuna ukutani. Mkamjibu haogi. Wengine mkasema karogwa.

Nimesoma nikakosa raha, kwa sababu mimi yamenikuta. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie, lakini chumvi siongezi.

Enzi za Mwingereza niliolewa kijiji kimoja karibu na stesheni ya Tura, pembeni ya njia ya zamani ya wapagazi. Mume wangu aliitwa Petro. Miezi michache baada ya harusi akapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga, kama vijana wengi wa kwetu. Nikabaki na mama yake na mawifi.

Wakuu, nilimkumbuka yule mwanaume. Treni ikipiga honi natoka nje na unga mikononi, kana kwamba itamshusha mlangoni.

Mvua zikaanza, tukaingia shambani kupiga matuta. Wanawake tunajipanga mstari mmoja, tunaimba, majembe yanapanda na kushuka pamoja.

Mimi jua likishika tu, kabla hata jasho halijatiririka, nahisi kama siafu wameingia ndani ya nguo. Shingo, kifua, mgongo. Vinatoka vipele vidogo vyekundu, vinawasha na kuchoma kama sindano. Natupa jembe, nakimbilia kivulini.

Nikipoa kidogo, vinanywea. Ngozi inarudi kama haijaguswa.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Wakija kuniangalia hawaoni kitu!

"Mke wa Petro, jembe linakuuma?" Wifi mkubwa aliuliza hivyo kila siku, na mstari mzima unacheka.

(Wala sikuwa mvivu. Kulima na wenzangu nilikupenda, na zile nyimbo nazitamani mpaka leo. Kukaa kivulini ukizisikia zinasogea mbali na wewe, acheni tu.)

Jioni moja mama mkwe akaniita jikoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Mkamwana, tukivuna nitamwita baba yako aje akuchukue. Mwanangu anaumia huko kwenye mkonge. Akirudi akute mke mwenye mikono."

Nilisema, "Ndiyo mama." Ningesema nini kingine? Usiku ule kwenye mawazo nilimuona Petro anashuka Tura na kisanduku chake, anafika nyumbani, sipo.

Kesho yake nikaamua sikimbii. Nife, nisife, nalima.

Jua likapanda. Siafu wakaja. Nikauma meno. Mwili ukawaka shingo mpaka kiunoni, macho yakaanza kuona giza, na mimi napiga tuta tu huku machozi yanadondokea kwenye udongo. Kaniki ikateleza begani.

Nikasikia mkono mgongoni.

"Nani kakupiga?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Ni jasho, mama."

"Jasho linafanya hivi? Tangu lini?"

"Tangu nilipovunja ungo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama. Mlicheka."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye mtungi wetu wa maji ya kunywa, uliokuwa chini ya mti. Akachota kwa kata, akanimwagia mgongoni taratibu. Akachota tena. Halafu akakaa nyuma yangu, anatazama vipele vinavyonywea kimoja kimoja, mpaka ngozi ikawa safi.

"Pole, mwanangu," akasema.

Hakuniita mkamwana tena. Na habari ya baba yangu kuja kunichukua ikaishia pale.

Tangu siku ile tulitoka sisi wawili alfajiri kukiwa na baridi, tunalima mpaka jua linapoanza kuchoma. Nikianza kuwashwa ananimwagia maji, tunapumzika, tunaendelea. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome, lakini mgongoni kwangu kilikuwa chepesi. Pale ndipo aliponiambia kwamba yeye pia treni ikipiga honi moyo unamruka. Kumbe tulikuwa tunamngoja mtu mmoja, kila mtu kwenye chumba chake.

Petro alirudi, amekonda lakini mzima. Akapata kazi Kaliua, akanichukua. Pale stesheni mama alimshika mkono akamwambia, "Jua likiwaka, mmwagie maji huyu. Usingoje akuombe."

Petro alikuwa mume mwema. Siku nyingine alikumbuka, siku nyingine alisahau.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Njia ilikuwa mbaya, tulifika ameshazikwa.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja pale Tabora mjini ndiye aliyenieleza: mwili ukipata joto, ngozi za watu wengine zinalipuka. Ni aina ya aleji. Si uchafu, si uchawi. Akanipa vidonge, vikanisaidia.

Kwa hiyo kijana, vaa pamba nyepesi, achana na hizo nguo za nailoni. Fanya kazi mapema, pumzika kabla hujazidiwa, jipoze kwa maji. Nenda hospitali wakupime, maana miwasho haifanani. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usikae nyumbani hata kidogo.

Na nyie mnaoishi na mtu wa hivi, msimcheke kwa sababu hamjaona kitu.

Leo nina feni, nina bomba la maji ndani. Lakini joto la mwezi wa kumi likipiga hapa na mgongo ukaanza kuchoma, siwazi feni. Natamani tu yule mama aje akae nyuma yangu.

Wenye hali hii karibuni, semeni inawashika vipi. Na kama yupo anayewamwagia maji, mtajeni hapa.