Nilimwonyesha Baba Kaburi Lisilo la Mwanawe

Assalaam aleykum admin, na nyote mtakaosoma. Ninaomba jina langu lisitajwe, wala la makao yetu, maana huku Mwabungo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Sina mume, na mtoto niliye naye sikumzaa. Haya ninayoyaandika sijapata kumwambia mtu.

Makao yetu ya watoto yalianzishwa na mama mmoja tuliyekuwa tukimwita Bibi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na alipostaafu akaanza kuwachukua watoto ambao mama zao walifariki katika kujifungua, kwa sababu aliwaona wanavyopitishwa nyumba hadi nyumba. Mwanzo ilikuwa ni nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili vya makuti na watoto wanne. Mimi nilikuja kupika na kufua. Nilikuwa nimeachwa baada ya miaka saba bila kuzaa, na kwetu nilikuwa ninasemwa. Bibi hakuniuliza kitu. Alinipa kitanda, na baada ya wiki mbili akanipa mtoto.

Huyo mtoto nitamwita Mishi. Alikuwa na siku tisa. Babake alimleta mwenyewe kutoka Majoreni, amemfunga kwa leso ya marehemu mkewe. Aliniambia, "Dada, kwangu hakuna mwanamke, na mamangu haoni. Nihifadhieni mpaka atembee, nitakuja kumchukua." Alikuja kumtazama mara tatu, kisha akapata kazi ya kukata mawe mbali, akanyamaza. Mimi nikalala na Mishi kifuani. Neno lake la kwanza lilikuwa mama, na aliniambia mimi.

Alipotimiza miaka miwili na kitu, babake akarudi. Bibi siku hiyo alikuwa Msambweni kwa matibabu, na Mishi alikuwa amelala ndani. Mwanamume yule alisimama mlangoni amevaa kanzu safi. Alikuwa ameniletea doti ya leso, shukrani ya kumlelea. Akauliza, "Mwanangu hajambo?"

Nikamwambia mwanawe amekufa kwa homa.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, na likishatoka sikuweza kulirudisha. Aliketi chini pale pale kizingitini. Baada ya muda akaniomba nimwonyeshe kaburi. Nilimpeleka makaburini nyuma ya msikiti, nikamwonyesha kaburi dogo la mtoto wa majirani waliohama. Alisoma Fatiha, akang'oa majani kwa mikono, akaniambia, "Allah akulipe, dada, ulimtunza." Zile leso nilizipokea.

Bibi aliporudi nikamdanganya na yeye. Nilimwambia babake Mishi alikuja, akasema ameoa na hamtaki tena mtoto. Bibi alisikitika sana. Akachukua faili akaandika kwamba baba amemkana, kisha akaniambia, "Basi wewe ndiye mamake. Usimwambie haya mpaka awe mkubwa."

Makao yakakua. Wahisani walitujengea mabweni, watoto wakafika thelathini, nami nikawa matroni. Watu wananiita mama wa mayatima na kuniombea dua. Lakini kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mwanamume yule huja kusafisha lile kaburi. Siku hizo mimi hujifungia jikoni. Mwaka huu Mishi alirudi kutoka dukani akaniambia, "Mama, yule mzee wa makaburini nimempa maji. Ameniombea dua nifaulu mtihani." Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Bibi alifariki mwaka jana. Sasa serikali inataka watoto warejeshwe kwa jamaa zao na makao kama yetu yafungwe kidogo kidogo. Afisa wa watoto amekuja, amefungua mafaili moja baada ya jingine, na Mishi akasomewa lake. Ana miaka kumi na saba. Ndipo alipojua kwamba alikanwa. Hakulia mbele ya afisa. Jioni alikuja kuketi karibu nami nikichambua mchele, akasema, "Mama, mimi sitaki kwenda kuishi kwake. Wewe ndiye wangu. Nataka tu aniangalie usoni aniambie nilimkosea nini, nilikuwa mtoto mchanga."

Nilifungua mdomo nikitaka kumwambia. Nikamwambia aniletee maji.

Juzi afisa alinipigia simu. Amewasiliana na mzee wa kijiji kule Majoreni. Babake Mishi yu hai, hakuoa tena, anaishi peke yake na korosho zake. "Lakini kuna jambo silielewi," akasema afisa. "Huyo mzee wa kijiji anasema mtoto wa huyu bwana alikufa zamani. Matroni, wewe ulikuwepo. Kulikuwa na mtoto mwingine?" Nilimwambia sikumbuki. Akasema watakwenda wenyewe na Mishi siku ya Alhamisi, wakaulize ana kwa ana.

Leo ni Jumatatu. Mishi amepiga pasi buibui lake, amelitundika. Nikimwambia mimi, nitampoteza mtoto pekee niliyepewa na Mungu. Nikinyamaza, atakwenda kumtukana mtu aliyemlilia miaka kumi na mitano, na yule baba ataambiwa kwamba binti yule aliyempa maji ndiye mwanawe anayedhani alimfia. Nimefikiria kutoroka kwenda Tanga kwa dadangu. Nimefikiria na mengine mabaya zaidi ambayo sitayaandika hapa. Na hawa watoto wengine wakisikia kwamba matroni wao alimzika mtoto akiwa hai, nani atamwamini mtu mzima tena?

Ninajua mtanitukana, na ninastahili. Lakini mkishamaliza kunitukana, nawaomba mnishauri. Nianze kwa nani, kwa Mishi au kwa babake? Na huyo nitakayeanza naye, nimwambie neno gani la kwanza? Alhamisi haiko mbali.