Nguzo Mia Mbili za Njia ya Zinga

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ncha ya futikamba, nikaambiwa nisiiachie hata nyuki wakinivamia. Ndiyo kazi niliyostaafu nayo: msaidizi wa mpima ardhi, Bagamoyo. Futi huvutwa ikakaza, maana ikilegea inasoma zaidi ya umbali wenyewe, na jirani anaumia.

Mpima Mkuu wetu alikuwa mkali, usicheze naye. Kule Vigwaza mzee mmoja alimbembeleza asogeze kigingi cha mpaka hatua moja tu, aokoe mkorosho wake. Akamjibu, "Mzee wangu, shikamoo mara mia, lakini kigingi hakina mjomba."

Asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nakimbia. Sikutafuta medali, wanangu. Nilitaka jambo moja: kilomita kumi ndani ya dakika hamsini. Na umbali niliupimaje? Mganga hajigangi! Mimi, mtu wa futi, nilihesabu nguzo za umeme kutoka Dunda kwenda Zinga, nikakadiria mita hamsini baina ya nguzo na nguzo. Ya mia mbili nikaipaka chokaa.

Miaka kumi na moja nilikimbia. Hamsini na sita, hamsini na tatu, kisha hamsini na moja ikaning'ang'ania miaka miwili. Asubuhi moja saa ikasema arobaini na tisa na sekunde arobaini. Nililia, wallahi. Mke wangu, Mama Rehema, akapika pilau, na mtaa mzima ukaniita Arobaini na Tisa.

Wiki ile ile tukapima kiwanja kando ya barabara hiyo, futi ikapita baina ya nguzo mbili. Mita arobaini na saba. Nikaisoma tena: arobaini na saba, si hamsini.

"Vipi wewe, umeona nyoka?" akauliza Mpima Mkuu.

"Njaa tu, bosi."

Tangu hapo nikawa mtu wa hofu. Niliogopa kuitwa jina lile msikitini. Niliogopa njia yenyewe. Futi ilikuwepo ofisini, ningeiazima siku yoyote, lakini kila mwaka nilisema mwakani. Na magoti yalikuwa yanazeeka: kama njia ni fupi, muda wa kuifidia ulikuwa unakwisha huku nikijificha.

Nilipostaafu nikanunua futi yangu. Mama Rehema akashika ncha. Futi ikanilegea mpaka akaniambia, "Baba Rehema, kaza! Unapima upepo?" Asubuhi ya pili tukafika kwenye chokaa. Daftari likasema kilomita tisa na mita mia tano themanini. Lahaula! Kwa mwendo wangu ule, mita zilizopungua zingekula zaidi ya dakika mbili.

"Labda tumekosea kuhesabu," akasema taratibu. "Nani atajua?"

"Hatukukosea, Mama Rehema."

Tukaendelea kuvuta hadi kilomita kumi kamili, nikachimbia kigingi. Ijumaa, baada ya sala, nikawaambia wenzangu barazani kwamba sijawahi kukimbia kilomita kumi ndani ya dakika hamsini. Wapo waliocheka, na mmoja akaniuliza kama viwanja vyao navyo niliwapimia kwa nguzo. Swali liliniuma, lakini nilimjibu kwamba viwanja vilipimwa kwa futi.

Juzi nilikimbia hadi kwenye kigingi, nikaogopa kuitazama saa. Mama Rehema, aliyekuwa akinisubiri hapo, akanisomea: hamsini na nane. Nina miaka sitini na miwili, na naogopa, kusema kweli, kwamba muda huu hautashuka tena. Lakini huo, wanangu, ni muda wa kilomita kumi.