Gemu ya Kwanza Ilikuwa na Kimya

Mie nina gemu tatu za kompyuta hapa nyumbani, na nikisema hivyo watu wa Kibiti wanacheka mpaka wanashika mbavu. Bibi mzima! Ndiyo, bibi mzima, meno yenyewe yananiaga moja moja, lakini kipanya nakishika vizuri kuliko kalamu. Kalamu tuliachana darasa la pili, nikapelekwa bondeni kuamia ndege kwenye mpunga.

Tena hizo tatu ni ndugu, mtu na wadogo zake. Ya kwanza ni ya zamani, ya pili ikaifuata, ya tatu ndiyo hii inayosifiwa na vijana. Nimezicheza zote, kwa hiyo msije mkaniambia kitu.

Ya kwanza ililetwa na mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mie toka ameachishwa ziwa. Akasomea unesi, akapangiwa kituo cha afya cha huku huku kwetu, akaja kukaa na mie na kompyuta yake ya chuoni, jeusi limechakaa, vitufe vingine vimefutika maandishi. Masika yale yalikuwa makali, njia ya kwenda Mahege matope matupu, mtu hutoki. Alasiri akirudi kazini anakaa mkekani, anafungua kompyuta yake, mie pembeni na ungo wangu nachagua mchele. Siku hiyo nikainua macho, nikaona mji.

Mji huo jamani! Mvua inanyesha haikatiki. Maghorofa yamesimama ndani ya maji, taa nyekundu, taa za buluu, maji nayo yamechukua rangi zote. Watu wamevaa makoti marefu, mwingine jicho la kioo, mwingine miguu ya chuma.

Nikamwambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenza, huku si delta hii wakati mto umefurika?" Maana mie nimezaliwa kule mikokoni, maji kupita chini ya nyumba nayajua.

"Bibi, huu ni mji wa miaka inayokuja."

"Miaka inayokuja ndiyo maji yote hayo? Basi mbona sie tulishatangulia!"

Akacheka mpaka akapotea njia, akapigwa risasi, akaanza upya.

Unayemtembeza humo ni mwanamke. Ana mkono mmoja wa chuma, lakini mkono si wake, ni wa kampuni. Kampuni ikikasirika inauzima huko huko iliko, na yeye anabaki na chuma kinaning'inia begani. Sasa anamtafuta mtu wa kumfungulia ule mkono uwe wake mwenyewe. Hiyo ndiyo hadithi yote. Mie nilimpenda papo hapo. Na mkono kama ule, nikimwambia mjukuu wangu, kinu kingenikoma.

Kizungu mie sijui, na mule wanasema Kizungu tu. Yeye ananifasiria, mie namwelekeza. Kila tukikutana na mtu namwambia, "Mwamkie."

"Bibi, huyu hatuna kazi naye."

"Kwani salamu ni kazi? Mwamkie."

Anabonyeza. Na mtu anajibu! Hapo ndipo uzuri wa gemu ile. Kila mtu uliyemkuta njiani ukimsemesha alikuwa na la kwake. Kulikuwa na mama anauza supu chini ya daraja, kila ukipita anasema leo mvua imepungua, na mvua ndiyo kwanza inazidi. Kulikuwa na mzee anapiga deki kwenye jumba la kampuni, anakuuliza umekula. Mlinzi mmoja, badala ya kupigana naye, ukimsemesha mara kadhaa anaanza kulalamikia viatu vyake vinambana, mwisho anakufungulia geti mwenyewe. Mjukuu wangu hakulijua hilo, miaka yote alikuwa anapita juu ya paa! Akanitazama hivi. "Bibi, umejuaje?" Nijue nini? Mtu kasimama mlangoni kutwa, humuulizi hali?

Basi tukaenda hivyo hivyo mpaka tukafika kwenye mlango.

Ule mlango uko mwisho wa ngazi, kichochoro chembamba, kijumba kimoja tu. Ndani ndimo anamokaa huyo wa kufungua mkono. Kuna kitufe cha kugonga. Tukagonga mara tatu. Kimya. Mjukuu wangu akasema, "Haya, tunasukuma. Mkono wa chuma huu."

"Weee! Koma. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna karibu, mtu unarudi. Hivyo ndivyo nilivyokulea? Kuvamia nyumba za watu?"

"Bibi, ni gemu!"

"Gemu ina watu ndani."

Alianguka chali kwa kucheka. Lakini akageuza, tukarudi, tukaenda kwa mama wa supu. Kesho yake tukaja tena, hodi, hodi, hodi, kimya, tukarudi. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila jioni kabla hajafunga kompyuta, twende tukabishe hodi. Masika yakaisha, kiangazi kikaja, gemu haiishi, na hatuna haraka. Akaniambia, "Siku tukiamua kusukuma, tusukume wote wawili, usije ukaniruka." Nikasema nani akuruke.

Halafu ikaja barua ya uhamisho. Mpanda. Mimi Mpanda naisikia kwenye redio.

Kompyuta akaniachia. Alipoondoka nilikaa na ule ungo, mchele nimeshamaliza kuuchagua, naendelea kuupepeta tu. Nyumba ikawa na sauti ya saa ya ukutani. Basi nikafungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, nikaingia mjini. Nikawa napita kwa mama wa supu, naye ananiambia ya mvua. Nilikuwa nakumbuka mjukuu wangu alivyofasiri, na yule nisiyekumbuka alisema nini, namtungia. Kwenye ule mlango nabisha, narudi. Nilishakaa hivyo utotoni, juu ya dungu peke yangu bondeni kule, kutwa nawapigia kelele ndege, nikichoka naongea na minazi. Sikujua uzeeni nitarudi dunguni.

Kwenye simu akaniuliza, "Bibi, hujachoka na hiyo ya zamani?" Akatuma kompyuta nyingine kwa basi, kubwa, nzito kama kinu, humo ndani imo gemu ya pili na ya tatu. Jirani yangu mwalimu, dada mmoja katoka bara, mstaarabu, akaja akaniunganishia nyaya.

Nikaanza na ya pili. Kwa macho, sina la kusema. Mji umepanuka, na watu sasa! Wamejaa kama Ikwiriri siku ya gulio, wanapishana, miavuli, mikoba. Nikafurahi, nikaanza kuamkia. Kimya. Huyu kimya, yule kimya, mwingine anaguna tu anapita. Nimeamkia mpaka kidole kimekufa ganzi. Nikamuuliza mwalimu, "Mwanangu, hawa wana nini?"

"Bibi, hao ni mapambo. Wanajaza tu barabara."

Mapambo! Mtu mzima, kavaa koti, pambo. Ya kwanza ilikuwa na watu wachache lakini ni watu. Niliitembea wiki nzima, nikaona mie ndiye ninayezungumza peke yangu hadharani.

Ya tatu inazungumza, hilo nalikubali. Tena kwa sauti zao wenyewe, mdomo unacheza, machozi yanatoka. Ila kila anayekusemesha ana kazi ya kukutuma. Nenda kamuue fulani, kanichukulie mzigo fulani. Ukimaliza, anakupa mgongo, na ukirudi kumjulia hali hakujui. Na njia zenyewe unachorewa mshale, pita hapa, geuka pale. Yule mlinzi wa viatu humuoni humo, walinzi wote kazi yao kufa. Halafu makelele! Muziki, bunduki, magari yanaruka. Mtoto wa shoga yangu wa ng'ambo ya njia akawa anashtuka usingizini, mama yake akaniambia, "Shoga, vita yako hiyo ituonee huruma." Mwalimu akaniletea hedifoni.

Siku moja mjukuu wangu akapiga simu. Wanakwenda semina Lindi na gari la ofisini, watapita Kibiti asubuhi. "Bibi, wakinisimamishia hata kidogo nakuja kukuona."

Niliamka nikafagia uwanja mpaka mchanga ukaonyesha mistari. Nikapika wali wa nazi na kambale wa kukaushwa, anavyovipenda. Nikafunga komeo la mlango wa mbele, maana mbuzi wa shoga yangu wakisikia harufu ya wali hawana adabu, wanaingia mpaka jikoni. Nikakaa kungoja. Na nilivyokuwa nangoja nikawaza, huyu mtoto katoa zawadi, atauliza ya tatu nimefika wapi, nami nimeitupa. Nitamvunja moyo. Ngoja niisogeze kidogo nipate la kumwambia. Nikaenda chumba cha nyuma, nikavaa hedifoni, nikaingia vitani.

Kile kipande kilikuwa kirefu, hakina pa kupumzika. Mie napiga, napigwa, jasho linanitoka. Nilipokimaliza nikavua ile hedifoni, na kimya kikanishtua. Jua limeshapanda. Nikatoka nje.

Barazani kuna mfuko. Ndani mna samaki migebuka wa kukausha, kitenge, na dawa yangu ya miguu.

Shoga yangu akaja anakimbia kutoka ng'ambo ya njia. "Mwenzangu, ulikuwa wapi wewe? Mjukuu wako kaja hapa, kapiga hodi zake tatu, kapiga na simu, kasimama, gari linampigia honi barabarani. Kaniuliza, nami nikamwambia bibi yako labda kaenda mashineni kukoboa, maana nyumba kimya!"

Nyumba kimya. Mie nilikuwa ndani na bunduki zote zile masikioni.

Nikampigia. Alipopokea nasikia gari linavyonguruma.

"Bibi! Ulitoka?"

"Nilikuwa ndani, mwanangu. Nilivaa yale mavitu. Kwa nini hukusukuma? Komeo lenyewe bovu, hata kuku analifungua!"

Akacheka, lakini cheko fupi. "Hodi tatu, Bibi. Si wewe mwenyewe?"

"Na kurudi je? Mnapita lini?"

"Kurudi tunakwenda na njia ya Songea. Tuna kituo huko."

Nikaenda kwenye lile jeusi la zamani, nikalifuta vumbi, nikaliwasha. Yeye bado yuko kwenye simu, ananiuliza, "Bibi, upo?" Nikamwambia nipo, nakwenda kwenye mlango wetu. Nikapita kwa mama wa supu bila kusimama, siku hiyo tu. Nikapanda zile ngazi.

"Nimefika," nikamwambia. "Tunasukuma wote wawili?"

"Sukuma, Bibi."

Nikasukuma. Mlango haukuwa hata na ufunguo. Ndani chumba kidogo, taa moja, birika jikoni linatoa moshi, na bibi kizee kakaa kwenye kiti, uso kauelekeza mlangoni. Akaanza kusema, Kizungu kirefu. Nikaiweka simu karibu kabisa na kompyuta, nikanyamaza ili mjukuu wangu asikie. Alipomaliza nikarudisha simu sikioni.

"Kasemaje?"

Mtandao unakatika, nadhani walishafika Nangurukuru. "Anasema... Bibi, unanisikia? Anasema alizisikia. Hodi zako zote alizisikia. Kumbe gemu ilikuwa inazihesabu, sikujua! Anasema miguu haimnyanyui, alikuwa amekaa hapo hapo anangoja mtu asuku..."

Ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Sasa nasema hivi, walioitengeneza ile ya kwanza walikaa wakafikiri kwamba duniani kuna mtu atabisha hodi akarudi, akabisha akarudi, na wakamwekea maneno yake. Kwenye ya pili na ya tatu nilitafuta mlango wa kubisha sikuuona. Yote inafunguka yenyewe ukikaribia, au unaipasua.

Yule kizee bado yuko kwenye kiti, ananitazama. Chini yake kuna maandishi, nichague la kumjibu. Nimeyaacha hapo, mjukuu wangu atanisomea mtandao ukirudi. Wali nimeufunika, nusu nimempelekea mwalimu. Halafu nikaja mbele, nikalishika lile komeo, nikaling'oa na misumari yake, mlango nikauacha wazi mpaka mwisho.

Shoga yangu akapiga kelele kutoka ng'ambo, "We! Mbuzi wataingia!"

"Waingie," nikamwambia. "Wali upo."