Hawa na Tarehe Isiyo Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, sikukuu, na mtaa wa Chikongola bado umefunga milango. Fundi viatu Sudi Nampembe hajagusa sindano. Anaandika ubaoni kwa chaki, herufi moja moja, kama mtu anayepanda mihogo.

"Siku kama ya leo, 9 Desemba. 1961: Tanganyika yapata uhuru. 1962: Tanganyika yawa jamhuri."

Kila siku huandika hivyo. Aliishia darasa la tatu. Matukio huyapata redioni, na wateja huyasoma wakisubiri soli.

"Mzee Sudi, leo kafa nani?" anamchokoza Zuhura, muuza chai wa jirani.

"Subiri, mama. Sijamaliza."

Anaongeza mstari: "2019: Hawa binti Mustafa afariki dunia."

Hawa alikuwa mkewe. Siku hiyo Sudi na wanaume watatu walimbeba juu ya kitanda kutoka shamba la mikorosho, upande wa mto Ruvuma, hadi zahanati. Wakakuta kufuli. Mhudumu kaenda kwenye sherehe. Hawa akakata roho pale barazani.

"Wao wanapunga bendera, mimi nafukuza nzi usoni kwa mke wangu," anasema Sudi.

Kesho yake mhudumu alirudi, akajaza fomu: amefariki tarehe 10. Cheti kikatoka hivyo hivyo.

"Tarehe kumi ni uhuru wa Zanzibar, sitini na tatu. Hawa hata boti hakuwahi kupanda! Wamemwongezea siku ambayo hakuishi, ili wao wasiwe na kosa."

Mara tano amekwenda wilayani. Mara tano ameambiwa alete barua ya zahanati ileile. "Kesi ya ngedere, hakimu nyani."

Nyumbani hula peke yake. Redio ndiyo inayozungumza. Kaburi la Hawa, alilolisakafia mwenyewe, lina jina, halina tarehe. Uongo hataki kuuandika, na ukweli hana karatasi yake.

Kati ya wale watatu waliombeba Hawa, mmoja amefariki, mwingine kavukia Msumbiji. Aliyebaki, Shabani, amekubali kuapa mbele ya hakimu kwamba ilikuwa tarehe tisa. Kesho ofisi zikifunguliwa, watakwenda pamoja.

Zuhura amesoma ubao wote. Utani umemwishia.

"Jioni utaufuta, baba, kama siku zote?"

"Uhuru nitaufuta, una redio yake," anasema Sudi, akivuta kiatu cha kwanza. "Hawa ana ubao huu tu."